Sungura wa Luscombe Ashuka Paani

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Desmond Luscombe yuko juu ya ngazi, na mkono wake wa kulia umezama ndani ya paa hadi kwenye kiwiko. Amefumba macho. Anapapasa taratibu, kisha anauchomoa mkono ukiwa na konzi ya mabua ya ngano.

Anayanusa. Anayakunja. Yanakatika bila sauti.

Chini bustanini watu wawili wanamtazama. Mmoja ni Bi Verity Hannaford, mwenye nyumba, umri miaka themanini na mmoja, ameegemea fimbo. Mwingine ni Toby Quance, dalali wa nyumba, ambaye viatu vyake vya ngozi vimeshalowa umande.

"Vipi huko juu, mzee?" anauliza Quance.

"Bado nahesabu," anajibu Luscombe, ingawa hesabu ameshaimaliza.

Anachohesabu ni miaka. Nyumba hii, iitwayo Larksfoot, imesimama katika kijiji cha Upcott Ferrers, Devon, tangu miaka ya 1640, kuta zake za udongo zikiwa na unene wa mkono mzima. Inauzwa pauni 465,000. Wanunuzi wamepatikana, mume na mke, madaktari wa meno kutoka Bristol. Lakini mkaguzi wao alichomeka fimbo ya chuma kwenye paa upande wa kaskazini, akaitazama ncha yake, akakunja uso. Sasa wanataka barua ya mwezekaji mwenyewe, ieleze paa limebakiwa na miaka mingapi. Barua isipofika Ijumaa, watatafuta nyumba nyingine.

Bi Verity hawezi kungoja wanunuzi wengine. Ngazi ya kwenda chumbani siku hizi anaipanda kiubavu, ameishika kwa mikono miwili. Binti yake amemwekea chumba cha chini huko Exeter, nyumba ya tatu kutoka kwake, na chumba hicho kitashikiliwa hadi mwisho wa mwaka tu.

Luscombe ana miaka sitini na mitatu. Aliacha shule akiwa na kumi na tano, akafundishwa kuezeka na mjomba wake, na tangu hapo hajafanya kazi nyingine. Mwaka mzuri humpa pauni elfu ishirini na nane. Mwaka wa mvua humpa chini ya hapo, kwa sababu siku ya mvua mwezekaji hukaa jikoni akichonga vijiti vya kubania mabua. Magoti yake yote mawili yameshapasuliwa. Mkewe, Noreen, hupika katika shule ya msingi.

"Watu hudhani kazi yetu ni kupanda," anasema. "Kazi yetu ni kuchagua mabua. Mabua yakiwa mabovu, hata ukiyapanga kama malaika, utakuwa umepanga takataka."

Ndiyo maana analima mwenyewe. Nyuma ya nyumba yake kuna ekari tatu za ngano ya kizamani, ndefu hadi kifuani, ambayo wakulima waliiacha zamani kwa kuwa punje zake ni chache. Huikata kabla haijakauka kabisa, huifunga miganda na kuisimamisha shambani mpaka kengele za kanisa zilie Jumapili tatu. Mjomba wake alifanya hivyo, naye hajaona sababu ya kubadilisha.

Kila nyumba anayoimaliza, Luscombe huweka juu ya mgongo wa paa sungura aliyesukwa kwa mabua, sikio moja limesimama, jingine limekunjwa. Sikio lilikunjika kwa bahati mbaya katika sungura wake wa kwanza. Mteja alilipenda, likabaki hivyo. Katika bonde lote, ukiona sungura mwenye sikio bovu, huna haja ya kuuliza nani aliezeka.

Larksfoot aliiezeka miaka kumi na minane iliyopita. Siku aliyomaliza, Bi Verity alimuuliza paa litakaa miaka mingapi. Alisema thelathini. Mama huyo akaingia jikoni, akaandika kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati la vyakula: *Paa, miaka 30, D. Luscombe*. Maandishi bado yapo, chini ya alama za urefu wa watoto.

Ambacho hakukisema siku ile ni kwamba Julai ya mwaka huo mvua kubwa ililaza ngano yake yote chini. Ya kumalizia upande wa kaskazini alinunua kwa mkulima wa mbali: ngano ya kisasa, iliyokuzwa kwa mbolea nyingi, yenye mabua dhaifu.

"Niliyasikia nilipokuwa nayagonga," anasema. "Yalilia kama biskuti. Nikajiambia, huku kaskazini nani anaangalia? Nikaendelea."

Anashuka. Quance ameshatoa karatasi kwenye mkoba.

"Nimekuandalia rasimu," anasema dalali. "'Paa liko katika hali inayolingana na umri wake.' Hapo hujasema uongo, Bwana Luscombe."

"Hata mimi niko katika hali inayolingana na umri wangu. Ungeninunua?"

"Kwa pauni laki nne na ushei, hapana."

Bi Verity hacheki. "Desmond, nimekujua toka ukiwa unaiba tufaha humu humu. Umekuta nini?"

"Kusini, miaka kumi na mitano bila wasiwasi. Kaskazini, minne. Pengine mitatu."

"Uliniambia thelathini."

"Nilikuambia, mama. Na upande huu nilijua si thelathini."

Bi Verity anaitazama fimbo yake. "Kwa hiyo nimesoma uongo kila nilipofuata chumvi," anasema. "Miaka kumi na minane."

Luscombe anaomba kalamu, anaweka karatasi juu ya ukuta wa bustani na kuandika mistari sita kwa herufi kubwa. Anataja miaka minne. Anataja mabua aliyonunua. Mwisho anaandika kwamba upande wa kaskazini atauezeka upya kwa mabua ya shamba lake, bila malipo, kazi ambayo kwa kawaida ni pauni elfu kumi na nne, na kwamba ataimaliza kabla ya Oktoba kwisha.

Kisha anapanda tena hadi kwenye mgongo wa paa, anakata vifungo na kushuka na sungura kwapani.

"Jamani, huyo yumo kwenye picha za tangazo," anasema Quance. "Picha ya kwanza kabisa."

"Basi piga nyingine."

"Nitawaambia wateja nini?"

"Waambie jina langu limeshuka kwa matengenezo."

Jioni hiyo hiyo habari ilikuwa imeshafika baa. Mwenye baa alimuuliza Luscombe kama sungura amekwenda likizo Hispania. Mwingine akasema afadhali sungura, kwani amekaa juu ya lile paa miaka kumi na minane bila kulalamikia magoti. Luscombe alikunywa bia yake ya kawaida, glasi moja, akaenda nyumbani. Noreen alikuwa na lake la kusema.

"Nimeshapanga Krismasi," alimwambia mumewe. "Tutakula karoti, sisi na huyo sungura wako."

Madaktari wa meno walijibu Alhamisi. Quance alimsomea Luscombe ujumbe wao kwa simu, akisikika kama hauelewi vizuri. Walisema watangoja hadi mwisho wa Oktoba, na bei hawaigusi. Mke alikuwa ameongeza mstari wake: wagonjwa wengi huwaomba wazibe jino juu ya uozo, na mwezekaji huyu ni mtu wa kwanza kuwaonyesha uozo wake mwenyewe.

Sasa kila kitu kiko shambani. Ngano imefika kiunoni. Ikisimama wima hadi mwisho wa Julai, ataikata. Ikilala kama mwaka ule, hana mabua, na safari hii amesema hatanunua. Katika hali hiyo wanunuzi wataondoka, na chumba cha Exeter kitapewa mtu mwingine. Kila asubuhi, kabla ya chai, Luscombe hutembea pembezoni mwa ekari zake tatu akitazama magharibi, mvua inakotokea.

Sungura amewekwa jikoni kwa Bi Verity, juu ya kiti kilicho karibu na dirisha. Wiki iliyopita Luscombe alipopita kupima upande wa kaskazini, alimkuta ameelekezwa barabarani, vumbi amefutwa, sikio lililokunjwa limeachwa kama lilivyo. Kwenye mlango wa kabati, ile thelathini ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja. Penseli ilikuwa imening'inizwa kwa uzi pembeni.

"Andika nyingine," alisema Bi Verity.

"Nikimaliza, mama. Si kabla."

"Vizuri. Mimi na huyu tutahama siku hiyo hiyo," alisema, akimpapasa sungura mgongoni. "Yeye juu, mimi Exeter."