Samli Kwenye Giaboksi

Mama alimkimbia baba hadharani, mchana kweupe, huku akitafuna karanga. Hakwenda mbali. Alivuka tu uwanja wa ngoma akasimama upande wa wapinzani. Lakini asiyekulia kwetu Kishapu hawezi kujua uchungu wa safari fupi kama ile, kwa hiyo ngoja nieleze.

Pamba ikishavunwa na kuuzwa, Wasukuma tunacheza. Ni makundi mawili ya ngoma, Wagika huku, Wagalu kule, uwanja mmoja, wakati mmoja, ngoma zinapigwa hadi masikio yanaziba. Hakuna jaji. Jaji ni miguu ya watu: waliozungukwa na wengi ndio washindi. Ndiyo maana kila kundi hutafuta dawa ya kuvuta watu, na kioja cha kuwashangaza. Baba alikuwa kiongozi wa Wagika wa kijiji chetu, na mwaka ule alikwenda uwanjani na sauti yake tu. Wagalu wakaja na mwanasesere wa mti aliyezungusha shingo na kukonyeza macho. Watu wote wakahamia kwao. Mama, ambaye kwao ni Wagalu tangu babu yake, akahama nao. Baba akabaki anawaimbia wapiga ngoma wake.

Tangu siku hiyo alikula ugali wa mama kimyakimya, na baba yangu akila kimya ujue ameumia. Msimu uliofuata ulipokaribia, akaniita kando ya zizi.

"Mwanangu, Wagalu wakinishinda, nitavumilia. Lakini mama yenu akivuka tena, mimi ngoma basi. Nitauza hata usinga wangu wa kuongozea ngoma."

Nikamwuliza kioja chake mwaka huu ni nini. Akaelekeza kidevu chini ya mti wa mkwaju, palipokuwa na kitrekta.

Kile kitrekta kidogo cha bustani kilitoka misheni, nilikokuwa nafanya kazi ya mboga na ndiko nilikofundishwa kukiendesha. Mapadri walipopata kipya, baba akawapelekea dume la ng'ombe akarudi na hicho kikuukuu, na kijiji kizima kikamcheka. Kilikuwa kimelala nje masika yote. Nilipokiwasha injini iliitika vizuri, lakini nikigusa gia, mlio uliotoka chini uliwatawanya kuku.

"Kinasaga meno," baba akasema.

"Kina maji tumboni," nikamjibu. Pale juu ya giaboksi, kwenye tundu la kujazia oili, kizibo kilikuwa kimepotea zamani na mtu alikuwa amechomeka gunzi la hindi. Mvua ya miezi yote ile ilikuwa imepita kwenye gunzi.

Basi tukaanza kazi, na sijui ni kwa nini, tulianza kucheka tangu mwanzo. Kwanza nikaiacha injini iungurume na gia zizunguke kidogo, ili oili ipate joto na iwe nyepesi. Kisha nikazima nikaingia chini na spana. Nati ya kumwagia ilikuwa imeshika kutu. Baba akaning'inia kwenye bomba tulilochomeka kwenye spana, miguu juu, akiimba wimbo wa kumtukana mwanasesere. Nati ikaachia ghafla, baba akaanguka chali, na oili yote ikaja kwenye kwapa langu.

Haikuwa oili tena, ilikuwa uji. Nzito, ya kijivu, imechanganyika na maji na vipande vya gunzi. Tukaikinga kwenye karai, na kabla haijaisha kuchuruzika majirani walikuwa wameshafika na makopo yao. Huyu anataka kupaka nguzo mchwa wasizile, yule anataka kuua kupe wa ng'ombe wake. Tukagawa kama nyama ya sherehe. Halafu nikamimina mafuta ya taa ndani, nikazungusha gia kwa mkono, nikayamwaga. Yalipotoka safi nikafunga nati, na chini yake nikaweka washa ya kuzuia kuvuja, niliyoikata kwenye ngozi ya ng'ombe.

Ikabaki kujaza. Hapo ndipo shida ilipotungoja. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini inaishia, madukani hata sabuni ilikuwa ya kusimulia, sembuse oili ya giaboksi. Nilikuwa nimeomba kwa fundi wa kinu cha pamba nikapata kopo moja. Ubavuni mwa giaboksi kuna tundu dogo la kipimo. Unajaza kupitia juu hadi oili ianze kuchungulia hapo. Nikamimina kopo lote, nikachungulia. Hakuna kitu. Nikaingiza kijiti, kikatoka kikavu.

"Bado kina njaa," baba akasema. Akasimama akifikiri, kisha nikaona uso wake unang'aa, na nikaogopa.

Ujue, mchezaji wa Wagika haingii uwanjani bila dawa. Wote hupakwa, hata ngoma hupakwa. Na kitrekta je, si mchezaji? Baba aliona ni aibu kukiingiza uwanjani kikavu. Dawa ya kuvuta watu ilikuwa tayari, mizizi aliyoitwanga mwenyewe. Ilitaka kuchanganywa na samli tu. Na samli nyumbani kwetu ilikuwa ya mtu mmoja.

Nilimfuata hadi mlango wa jikoni kwa sababu sikutaka kukosa uhondo ule. Mama alikuwa anapeta mtama. Baba hakuwahi kumwomba chochote cha ngoma, hata maji ya kunywa.

"Mama watoto," akasema, "nina shida ya samli."

"Ya nini?"

"Ya trekta."

Mama akamtazama kuanzia nywele hadi vidole. Sikuona hata jino. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kile kibuyu kikubwa cheusi alichokitunza kwa ajili ya wageni wa heshima.

"Kizima hicho," akasema. "Usikivunje."

Nilimwambia baba kwamba giaboksi si chungu. Nilimwambia kwamba mizizi itakwama kwenye meno ya gia. Akanisikiliza vizuri sana, kisha akamimina. Samli ikashuka polepole, ya manjano, na mizizi yake, hadi tundu la kipimo likatoa tone moja zuri. Tukaziba juu kwa gunzi jipya.

Siku ya ngoma uwanja ulifurika. Ili kuokoa mafuta, wachezaji wetu walikisukuma kitrekta hadi pembeni mwa uwanja. Mpango ulikuwa baba akae juu ya boneti, usinga mkononi, na mimi niendeshe hadi katikati. Wagalu walikuwa wameshaanza. Mwanasesere wao safari hii alikuwa na mke. Watu walikuwa kwao. Nikawasha. Nikatia gia ya kwanza, ikagoma. Ya pili, ikagoma. Nikasikia kitu kinatafunwa mle ndani, na nikajua ni ile mizizi.

"Nenda!" baba akapiga kelele.

"Haiingii!"

"Tia yoyote!"

Nikatia ya kurudi nyuma, nayo ikaingia laini kabisa.

Basi tukaingia uwanjani kinyumenyume. Mimi nimejipinda shingo kutazama ninakokwenda, baba juu ya boneti anatazama tulikotoka, anaimba kwa nguvu zake zote kwa sababu hakuna la kufanya zaidi ya kuimba. Nilicheka hadi usukani ukanitoka, tukaanza kuzunguka. Halafu giaboksi ikapata moto. Samli ikachemka, ikajipenyeza pembeni mwa gunzi, ikamwagikia chuma, na harufu ya mboga inayoungwa kwa samli ikatanda uwanja mzima, wakati wa mchana, watu wana njaa.

"Bebe! Jamani! Trekta linapika!" mtu akapiga kelele.

Wakaja. Walitufuata wakinusa, wakicheka, wengine wamebeba watoto mabegani. Hata wapiga ngoma wa Wagalu walikuja. Na kama gia ya mbele ingekubali, baba angewapa wote kisogo asingeona kitu. Lakini tulikuwa tunarudi nyuma, na uso wake ulikuwa kwao. Ghafla nikasikia wimbo umekatika. Nikageuka.

Mama alikuwa mbele ya wote, karibu kabisa na boneti, kanga imemfunguka kichwani, ameshika mbavu kwa kicheko. Baba akamtazama, usinga umeshuka. Alikuwa na machozi, na hakuyaficha.

"Umekuja," akasema.

"Samli ni yangu," mama akajibu akikimbia ili asiachwe. "Ningekaaje kule wakati samli yangu inacheza huku?"

Wiki iliyofuata nilitaka kumwaga ule mchanganyiko nisafishe gia. Baba alikataa katakata. Kitrekta kilibaki pale mkwajuni na gunzi lake, hakikuenda mbele tena. Na kila msimu wa ngoma, kabla ya kutwanga mizizi, baba alikwenda kwanza kusimama mlangoni pa jikoni na kibuyu kitupu, akaomba samli.