Chandarua cha Seva

Nilipoajiriwa kwenye hoteli moja ya ufukweni Galu, kusini mwa Mombasa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa nimesomea kompyuta Mombasa kwa miezi sita na kichwa kimenivimba. Hapo hotelini hapakuwa na mtu aliyeisomea hata kwa siku sita, kwa hiyo ingawa nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, nilikabidhiwa mashine zote: kompyuta nne za ofisini, printa moja yenye kelele za cherehani kibovu, na seva. Seva yenyewe ilikuwa kompyuta kama nyingine, ila ilikaa peke yake kwenye stoo ya vitambaa vya meza. Mara mbili kwa siku ilipiga simu Mombasa, ikachukua barua pepe za hoteli nzima, ikazigawa kwa zile kompyuta nne.

Kompyuta zote nne zilikuwa na kinga ya virusi. Seva haikuwa na chochote. Jambo hilo lilinikera hata nikashindwa kulinyamazia, nikaenda kwa meneja, mtu wa bara kama mimi.

"Kitandani kwako una chandarua?" aliniuliza nilipomaliza kumweleza.

"Ninacho."

"Kinakutosha?"

"Kinanitosha, bosi."

"Sasa mbona unataka niifunike hoteli nzima chandarua?"

"Lakini madirisha yana wavu, bosi. Wavu unamzuia mbu hukohuko nje, kabla hajafika kitandani."

"Wavu wa madirisha tuliukuta, hatukuununua," alisema, akarudi kwenye gazeti lake.

Nilitoka nimefura. Mtu akishindwa kwa hoja nzuri hupata faraja, lakini hoja ya "tuliukuta" unaijibuje? Nilikwenda kuimwaga hasira yangu kwa mkuu wa bukingi, yaani ofisi ya kupokea maombi ya vyumba, mzee wa Msambweni aliyekuwa akikaa meza ya pili kutoka kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekasirikiwa, au wewe ndiwe uliyekasirika?"

Mzee huyo alianzia kazi pale hotelini kwenye bwawa la kuogelea, akigawa taulo. Akapanda hadi kwenye teleksi, mashine ya kupeleka maandishi kwa njia ya simu, na teleksi ilipokufa akakalishwa kwenye kiti cha bukingi, mbele ya kompyuta. Kwao Msambweni watu walimwita karani, na jina hilo alilivaa kama kanzu ya Idd. Alikuwa na kanuni moja tu ya kazi: salamu hurudishwa, na barua ni salamu. Ajenti wa Ujerumani aliyetaka kujua tu kama kuna chumba chenye vitanda viwili alijibiwa siku ileile, na kabla ya kuelezwa habari za vitanda aliulizwa hali ya watoto.

Basi ikafika Januari, wageni wamejaa pomoni na mwezi wa Ramadhani uko katikati. Asubuhi moja nilisikia mzee akiita, "Hebu njooni mtazame! Njooni nyote!" Ajenti mmoja wa Uswisi alikuwa amemtumia barua yenye kitu kimefungwa ndani yake. Mzee alikifungua papo hapo, kwani mgeni akikuletea zawadi utaiweka uvunguni? Kwenye kioo cha kompyuta zikaanza kuruka fataki, nyekundu, kijani, buluu. Mpishi alikuja na mwiko wake. Wafua nguo walikuja na mapovu mikononi. Mzee aliombwa arudie, akarudia, nadhani mara saba. Nami, mwenye miezi sita ya Mombasa, nakiri kwamba nilipiga makofi.

Watu walipotawanyika, mzee aliketi akawaandikia maajenti wetu wote heri ya mwaka mpya, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na salamu zake. Hakujua, na mimi sikujua, kwamba zile fataki zilikuwa virusi, na kwamba kila barua aliyoituma ilifuatwa nyuma na barua nyingine iliyobeba fataki zilezile.

Siku ya pili malalamiko yakaanza kuingia. Ya tatu yalikuwa mafuriko. Ajenti mmoja alituarifu kwamba ofisi yake nzima haifanyi kazi tena ila kutazama fataki. Meneja akaja mbio, akaniamuru niikague kompyuta ya mzee mbele yake. Nikaikagua. Kinga ilikuwa imezimwa.

"Nani aliizima?" meneja aliuliza.

"Mimi, bwana," mzee alijibu.

"Nani alikufundisha?"

"Hakunifundisha mtu. Nilijitia ujuaji tu."

Meneja akasema basi, kesho mzee arudi bwawani kugawa taulo. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akaivaa tena. Nilimhurumia, lakini nisiseme uongo: ndani yangu kulikuwa na sauti ndogo yenye kiburi iliyokuwa ikisema, si nilimwambia meneja seva iwekewe kinga?

Meneja alipoondoka nilimuuliza mzee kwa upole, "Baba, kwa nini uliizima?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si ndivyo inavyowashwa? Wewe kila asubuhi ukishawasha, unabonyeza pale pembeni, kisha pale chini, ndipo unaanza kazi. Nami nikafuata mkono wako. Kwani niliruka hatua gani?"

Kweli, kila asubuhi nilikuwa naizima kinga ya kompyuta yangu. Kompyuta ikiwashwa, kinga ilipitia faili mojamoja kwa utulivu wa bibi anayechambua mchele, na mimi sikuwa na subira ya bibi wala ya mchele. Niliwahubiria watu kinga, yangu nikaizima. Na yule mzee alikuwa amenificha mbele ya meneja, akiwa amefunga, mdomo umemkauka.

Nilikwenda kuzikagua zile kompyuta mbili zilizobaki. Ya mapokezi ilikuwa imezimwa kinga. "Si tulikuona wewe," walisema wa mapokezi. Ya nne ilikuwa ya meneja mwenyewe. Nilisita mlangoni kwake, kwa sababu kazi ile niliitaka, na mtu wa majaribio hufukuzwa bila hata barua.

"Bosi, mzee amekudanganya. Aliyemfundisha ni mimi, bila kujua. Kama kuna wa kwenda kugawa taulo, niende mimi. Ila kwanza niruhusu nitazame kompyuta yako."

Nikaitazama. Imezimwa.

"Siku ile ulipokuja kuunganisha printa hapa nilikuona ukifanya hivyo," alisema meneja. "Nilidhani ni kama kupangusa miguu kabla ya kuingia ndani."

Hakuna aliyekwenda bwawani. Juma lile seva ilinunuliwa kinga yake, na stoo yake ikatiwa kufuli ili mimi nisiifikie. Ufunguo akapewa mzee.

Nilipomshukuru kwa kunificha, alinikatiza. "Saumu yangu ya siku ile imebaki njaa tupu, mwanangu. Nitafunga siku nyingine." Na baada ya Idd, watu wote wakila na kunywa, alifunga kweli. Mimi ni Mkristo wa Ukambani, sikuwa nimewahi kufunga hata hadi chai ya saa nne, lakini siku hiyo nilifunga naye. Kufikia saa tisa nilikuwa nimelaza shavu juu ya kibodi.

"Kunywa maji, mwanangu," mzee alisema. "Uongo ulikuwa wangu."

"Na kidole kilikuwa changu, baba."

Mzee alisogeza kiti chake karibu na changu, tukaisubiri adhana ya magharibi pamoja, mimi nikiitazama saa kila baada ya dakika mbili.