Goti la Mgeni

Mhudumu wa mapokezi wa hoteli ile ya Mtaa wa Sikukuu akishapiga mhuri kwenye kadi ya mgeni huupuliza wino taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto. Mihuri kumi, unalala siku moja bure. Safari hii Selina, muuza vitenge wa Masasi, alikuwa amepangiwa chumba na bintiye kwa programu ya simu, isiyo na mihuri, ikampeleka ghorofa ya nne. Alifika kaunta akiona haya.

“Shikamoo, mama. Nimekuhamishia chini,” alisema mhudumu. “Programu haijui goti lako.”

“Marahaba, mwanangu!” Selina akacheka, akatoa simu. “Hebu nitajie namba yako. Mwezi ujao nakupigia wewe mwenyewe.”