Mchimba Makaburi wa Parokia Yetu

Mchimba makaburi wa parokia yetu hapa Nebraska ana viganja vipana, na akipita makaburini huwasalimu marehemu kwa majina, kwa sauti ya chini. Hukata nyasi za mbuga kwa sepetu, mapande mapande pamoja na udongo wake, kama babu zetu walivyozikata kujengea vibanda vyao walipofika kutoka Ireland. Mimi ndiye ninayelalamika kila siku kwamba mila zimekufa, kwamba hakuna anayejua tena kuwa kaburi halianzwi kuchimbwa Jumatatu, isipokuwa pande lake la kwanza la nyasi liwe limeinuliwa Jumapili. Jumapili moja, nikiwa hoi kwa nimonia, nilichungulia dirishani nikamwona mchimba makaburi huyo ng'ambo ya uzio wa makaburi, kando ya kaburi la mke wangu, akiinua pande moja la nyasi mahali nilipotengewa kuzikwa.

"Wewe! Mimi bado mzima!"

"Nakuona, Mzee Tierney," alijibu, akivua kofia. "Lakini kesho ni Jumatatu, na wewe hupendi mambo ya ovyo."

Jumatatu kutwa nilikunywa supu kwa hasira, bakuli baada ya bakuli, ili nisife, mimi mtetezi wa mila. Jumanne akabisha hodi.

"Hongera, mzee. Nipite tena Jumapili?"

Nikamwambia apite, ila aje kwanza mezani aone ninavyokula.