Kichwa cha Jiwe kwa Kibanda cha Omosa

Na hiyo ya kusema eti Omosa anakula macho, wachana nayo. Mimi nakaa stage ya Suneka na pikipiki yangu, kibanda chake kiko mbele yangu kila siku. Wewe umeambiwa na nani? Mama mboga. Na yeye aliambiwa na nani? Alichungulia dirisha akatoroka. Sasa huyo ndiye shahidi wenu.

Omosa ni fundi wa saa. Saa za mkono, zile wazee walikuwa wanavaa kwenda kanisa Sabato. Simu zikaua hiyo kazi, akabaki na koleo ndogo ndogo na kile kioo anabana kwa jicho. Si mtu wa maneno. Ukimsalimia anajibu na kidevu. Daktari wa macho anaitwa Damaris, anatoka Nyamira, alimletea vyombo vyake vya kunoa, akaona vile huyo mtu anashika waya, ndio wakaanza mambo yao.

Iko hivi. Mtoto wa jicho ikikaa sana, ile lenzi ndani ya jicho inakauka inakuwa ngumu kama mbegu. Kuitoa nzima lazima ukate mlango mkubwa. Kuna mashine ya kuivunja ikiwa ndani, lakini bei yake ni ya lori. Damaris akamuuliza, "Omosa, huwezi kunitengenezea kitanzi cha waya? Kipite tundu ndogo, kizunguke hiyo lenzi, kiikate mbili. Kama vile dukani wanakata mche wa sabuni."

Omosa akasema, "Nitajaribu."

Alijaribu akaharibu, akajaribu tena. Damaris anaangalia na darubini yake, anasema, "Umepasua kifuko cha lenzi. Angekuwa mtu, ungemmaliza." Anarudi kuchonga.

Mwenye alikuwa anangojea hiyo waya ni Nyakerario, mjane wa marehemu Nyabuto. Jicho la kwanza lilipasuliwa zamani kwa ule mlango mkubwa, akapona vizuri, halafu akabeba kikapu cha majani chai kabla ya wakati, mshono ukafunguka. Jicho likaenda. Limebaki moja, nalo ni jeupe kama uji. Damaris amembembeleza afanyiwe tu ile ya kawaida. Amekataa. Anasema mlango mkubwa hataki tena, atangojea ule mdogo.

Sasa waya haijaribiwi kwa mtu. Inajaribiwa kwa macho ya mbuzi, na Omosa alikuwa anapewa na Jasper, yule wa bucha. Lakini jicho lazima likae kwa kitu, lisiteleze. Omosa akatuma maneno Tabaka, kule kazi ya watu ni kuchonga mawe, kwa Ombui, mchongaji: nitengenezee kichwa cha jiwe, chenye mashimo mawili ya macho. Basi. Hakusema uso.

Lakini mtu wa Tabaka umpe jiwe la kichwa aliache bila uso? Hawezi. Ombui akachonga pua, mdomo, mikunjo ya paji, yote. Omosa alifungua gunia, akalifunga tena. Mimi niliona. Ilikuwa ni Nyabuto. Ile pua yake iliyovunjika, ule mdomo umepinda kushoto. Na Ombui hajawahi kukanyaga Suneka. Alipoulizwa kwa simu alisema, "Mimi nilifuata tu mistari ya jiwe."

Jiwe lingine halikuwepo, kwa hivyo Omosa akaweka macho ya mbuzi hapo ndani, akaendelea na kazi. Umewahi kuona jicho la mbuzi kwa uso wa mtu? Mboni yake imelala. Waya ikivutwa, jicho linazunguka polepole, kama mtu ameitwa jina.

Siku moja ukungu ulishuka mchana mpaka taa za magari zikawashwa. Nilimleta Nyakerario na pikipiki aulize kazi imefika wapi. Omosa alikuwa amechukua simu nje, waya ameiacha ndani ya jicho. Huyu mama akaingia akipapasa meza. Mkono ukagusa jiwe. Ukapanda kidevu, mdomo, pua. Hapo ukasimama.

"Hii ni pua ya Nyabuto," akasema.

"Ni jiwe, magokoro," nikamwambia, vile tunaita mama mzee. "Toka hapo."

Akafika kwa macho. "Mbona amelowa?"

"Ni ya mbuzi. Ni ya kujaribu."

Akapangusa vidole kwa leso. Halafu akauliza, "Anaangalia wapi?"

Nikaangalia. Macho yote mawili yalikuwa yamegeukia kwake. Waya ilikuwa kwa moja tu.

Jasper naye alikuwa amefika mlangoni na mfuko wa macho mengine. Ukaanguka, akapiga nduru. Kabla Omosa amalize simu, watu wamejaa na mmoja ana chupa ya petroli.

"Omosa, umemtoa marehemu kaburini ukampa macho yangu?" Jasper akasema.

"Ni jiwe, Jasper. Limetoka Tabaka."

"Jiwe gani linaangalia watu? Wewe ni omorogi, mchawi kabisa. Choma hii takataka."

Nyakerario akakaa chini na kile kichwa kwa mapaja, kama mtu anapakata mtoto. "Huyu ni bwanangu au ni jiwe, mimi sijui," akasema. "Lakini kazi ya hapa ni ya jicho langu. Mkichoma, anzeni na mimi."

Hakuna aliyewasha. Lakini Jasper akasema macho kwake yamekwisha, na bucha zote mpaka Keumbu zikasikia, zikakataa pia. Saa hizi macho wanarushia mbwa, afadhali mbwa kuliko Omosa.

Omosa alisugua uso wote ukaisha. Ukipitisha mkono hakuna pua, hakuna mdomo. Mvua ikinyesha jiwe likanywa maji, uso unarudi. Mimi hukaa nikiangalia barabara, si kibanda.

Waya nayo imekubali. Za mwisho hazikupasua kifuko. Damaris anataka kuona macho mengine mengi kabla hajaipeleka kwa wakubwa waikague, na bila ruhusa yao haiguswi kwa mtu. Na jicho la Nyakerario halingoji. Damaris amesema lenzi ikivuja huko ndani, hata waya ya dhahabu haitasaidia.

Kwa hivyo wewe unasoma hii, wacha kunong'ona. Ukichinja mbuzi, usirushe kichwa na macho yake. Yatoe mazima, weka kwa mkebe na maji baridi ya chumvi, lete Suneka siku hiyo hiyo. Kama unaogopa kuingia kwa Omosa, nipe mimi hapo stage nitaingiza. Lete macho.