Karatasi Iliyokataa Kufunguka Dunga

Nilikuwa na wiki tatu tu katika saiba moja ya Kondele mjini Kisumu, duka la kompyuta na intaneti lililokuwa orofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Kabla ya hapo nilikuwa nimepanda mpunga Ahero mpaka maji yakatutoa shambani, nimevuta nyavu za omena, dagaa wetu wa ziwani, nimepaka rangi mabango, nimeuza chaja barabarani. Shule niliiacha darasa la nane halijaisha. Sikudumu kwenye kazi yoyote, lakini pia sikuwahi kupita karibu na kitu bila kutaka kujua kinafanyaje kazi. Pale saiba niliajiriwa kufagia na kuwapigia watu chapa barua zao. Wateja wakipungua, nilifungua programu zilizomo kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, nikasoma menyu zake kuanzia juu mpaka chini, hata zile ambazo hakuna aliyewahi kuzigusa. Mwenye saiba aliniita Profesa, na hakuwa ananisifu.

Ijumaa moja, kama saa tatu asubuhi, aliingia mama mmoja na beseni la samaki kichwani. Tulifahamiana tangu nilipokuwa navuta nyavu. Alikuwa akinunua samaki ufuoni Dunga na kuwauza Kondele, na kwa miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akitembea polepole.

"Mtoto wangu, kumbe ulihamia huku?" alisema, akalitua beseni sakafuni. Akafungua fundo kwenye ncha ya leso yake na kutoa flashi ndogo. "Hii kitu inanitesa. Nisaidie kabla ya saa sita, ama niko nje."

"Nje ya nini, Mama?"

"Ya uchaguzi."

Akanieleza amesimama, hakutaka kiti. Ufuo ulikuwa unachagua mwenyekiti mpya wa kamati. Kwa muda wote tuliojua, kiti kilikuwa cha wenye mashua. Mizani ilikaa ndani ya banda, na wanawake wanaonunua walisimama nje wakitangaziwa kilo. Ukiuliza, unaambiwa samaki hao watauziwa mwingine. Yeye aliamua kusimama. Kanuni ya kamati ilisema kila mgombea aweke karatasi yake mbele ya watu. Zamani karatasi zilibandikwa ukutani bandani, lakini ziwa lilipopanda lilichukua ukuta ule, kwa hiyo sasa karatasi zilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la ufuo. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Ambaye karatasi yake haifunguki kwenye simu ya katibu, jina lake haliitwi.

"Nilituma jana," alisema. "Sikia vile wananicheka."

Akanionyesha simu. Chini ya faili yake, mwenye mashua mmoja aliyekuwa mshindani wake alikuwa ameandika: "Mama ametutumia bahasha tupu." Mwingine akajibu: "Si tupu, amefungia omena ndani." Halafu safu ndefu ya vikatuni vinavyotoa machozi ya kicheko.

Nilipochomeka flashi nikaelewa. Mama alikuwa ametengeneza karatasi yake mwenyewe, kwa mkono wake, katika programu ya kupanga kurasa aliyofundishwa kwenye darasa la kompyuta kanisani kwao. Faili ya aina ile hufunguka tu kwenye kompyuta yenye programu hiyo. Simu haiijui kabisa. Ilitakiwa igeuzwe picha kwanza, na kanisani hakuweza kurudi, kwa sababu mwalimu aliyekuwa na ufunguo alikuwa amekwenda mazishini Ahero.

"Tupige chapa upya," mwenye saiba akasema kutoka mezani kwake. "Dakika kumi."

Mama akamgeukia. "Hiyo nilipanga wiki mbili, Bwana. Kila mstari. Hakuna mtu anaandika upya kitu yangu."

Programu ya kanisani hatukuwa nayo. Lakini katika kupekua kwangu nilikuwa nimeona programu moja ya bure ya kuchora, ambayo orodha yake ya faili inazoweza kufungua ilikuwa ndefu kuliko barua ya mapenzi. Nilikumbuka kuiona aina ya faili ile mule ndani. Nikaifungua, nikabonyeza, nikangoja. Skrini ikawa nyeupe. Halafu kurasa nne zikajitokeza, moja baada ya nyingine.

"Yawa!" Mama akapiga makofi. "Ndiyo hiyo! Profesa kweli!"

Herufi zilikuwa zimebadilika kidogo na sentensi mbili zilitoka nje ya kisanduku. Nikazirudisha. Nikaihifadhi kama picha na kugundua kwamba programu ile inatoa ukurasa ulio mbele yako peke yake. Nikapata picha ya ukurasa wa kwanza: Mama ndani ya duara lenye umbo la yai, ameinamisha macho kidogo, maua yamezunguka, jina lake chini kwa herufi za mapambo. Sikutafakari. Nilitaka tu kujua kama inafunguka kwenye simu, nikamtumia rafiki yangu mmoja tuliyevuta naye nyavu, ambaye bado yuko Dunga.

Haikupita dakika moja, simu yangu ikalia.

"Omera, ndugu yangu, lini?" rafiki yangu aliuliza. "Alikufa lini? Nimemwona asubuhi akinunua ngege!"

Nikaangalia tena ile picha. Duara, maua, macho yaliyoinama. Kila mtu wa Kisumu ameshika karatasi ya namna ile mara ngapi, ameketi msibani chini ya turubai, akijipepea nayo. Nikafungua ukurasa wa pili: wasifu, kuanzia kuzaliwa na kubatizwa. Wa tatu, ratiba, ila badala ya ibada na maziko aliweka ahadi zake. Wa nne, shukrani za familia.

"Mama," nilisema taratibu, "darasani mlifundishwa kutengeneza nini?"

"Zile karatasi za programu ya mazishi," alijibu bila wasiwasi. "Ndiyo wanafundisha. Kwani watu wa kanisa wanachapisha nini kingine? Mimi nilikuwa wa kwanza darasani."

Mwenye saiba akalaza kichwa mezani, mabega yakitikisika. Kwenye simu rafiki yangu aliendelea kusema, na nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke ikipanda. Alikuwa ameshawaonyesha wanawake wawili wanaoparua samaki, na mmoja alikuwa ameanza kupiga nduru za msiba.

Mama akaninyang'anya simu. "Wewe! Sikiliza. Huyu ni marehemu anaongea. Ndiyo, mimi. Waambie hao wanyamaze, na wasiguse beseni yangu ya pili, najua wanaiangalia. Futa hiyo picha. Ukipeleka kwa mtu mwingine, nitakuja kukutembelea usiku na hayo maua."

Aliponirudishia simu hakuwa akicheka. Akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza. Aliitazama skrini kwa muda. Nilidhani atalia, au atachukua flashi yake aende.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tano kasorobo."

"Toa maua."

Nikatoa maua. Nikatoa duara. "Na hiyo picha," akasema, "nilipigwa siku ya harusi ya mtoto wa dada yangu, kiatu kilikuwa kinanibana. Toa." Akainuka, akachukua ngege mkubwa kuliko wote katika beseni, akamshika kwa mashavu na kumwinua usawa wa bega. "Piga." Maji ya samaki yalitiririka kwenye mkono wake. Mteja mmoja akahamisha kiti. Nilipiga mara tatu. Katika ya tatu alikuwa akimkemea mwenye saiba anayelalamikia harufu, meno yote nje, macho yamewaka. Ndiyo tuliyoichukua.

Kisha nikafanya jambo nililolijua kutokana na kukaa na wavuvi. Simu zao huishi ndani ya mfuko wa plastiki, vioo vina nyufa, na huzitazama wakiwa wamezishika wima kwa mkono mmoja, wa pili una kamba. Hakuna anayefungua kurasa nne. Nikatengeneza ukurasa mmoja mrefu na mwembamba kama simu yenyewe, nikaleta vipande vyake humo. Havikuenea.

"Lazima kitu kitoke, Mama. Na maneno ni yako."

Akasogea karibu na skrini, kidole kinanuka samaki juu ya kioo. Akaanza kukata. Kuzaliwa kukatoka. Shule ikatoka. Kwenye ubatizo alisita. "Mungu anajua," akasema, "hahitaji WhatsApp." Yakabaki mambo matatu: mizani itoke nje ya banda kila mtu aione, choo cha wanawake kiwekwe milango, na wanunuzi wawe na kiti bei ya asubuhi inapopangwa. Nikaandika herufi kubwa kadiri nafasi ilivyoruhusu, bila mapambo.

Nikahifadhi kwa ubora wa juu kabisa, nikijivuna, tukatuma kwa katibu saa tano na nusu. Tukangoja. Likaja jibu la sauti: "Mama, hii inazunguka tu. Simu yangu imejaa video za mazishi, haiwezi meza kitu kubwa hivyo. Saa zinaenda."

Faili ilikuwa nzito mno. Nilikuwa nimechagua aina ya picha isiyopoteza hata chembe, ambayo inafaa maandishi lakini ikiwekewa picha ya samaki mwenye magamba hufura kama mandazi. Nikajaribu aina nyepesi nikaiminya sana: ikapita kwa urahisi, lakini herufi zikaota ukungu pembeni na milango ya choo haikusomeka. Nikapandisha ubora kidogo. Bado. Mwenye saiba alikuwa ameacha kucheka, amesimama nyuma yangu. "Punguza vipimo, Profesa, usipunguze ubora," alisema. Nikapunguza upana ukalingana na kioo cha simu, ubora nikauacha juu. Faili ikashuka mpaka ikawa nyepesi kuliko salamu za asubuhi ambazo shangazi zetu hutuma. Nikaikuza kwenye simu yangu. Kila herufi ilisimama.

Zilibaki dakika saba. Mama mwenyewe ndiye aliyebonyeza.

Jibu la katibu likaja kabla hajaweka simu chini. "Imefunguka. Naiweka kwenye kundi. Mama, huyo samaki, mpaka nasikia harufu yake huku."

Mama akapiga kigelegele kilichowatoa watu wa magodoro dukani. Mwenye saiba alishangilia kama timu yake imefunga. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili, nacheka. Katika kazi zote nilizopitia sikuwahi kujisikia hivyo: kwamba kitu nilichojifunza bila kuambiwa na mtu kimefungua mlango uliokuwa umefungwa. Alasiri ile watu waliiweka picha kwenye status zao za WhatsApp kutoka Dunga mpaka Kondele. Yule wa bahasha tupu hakuandika tena.

Jumapili baada ya kanisa nilishuka Dunga. Kura pale hupigwa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, hadharani, na hilo ndilo nililoliogopa, kwa sababu yule mwenye mashua aliyeshindana naye alikuwa amesimama pale pale akiwatazama vibarua wake. Mama ni mfupi. Watu walipomzunguka hakuonekana kabisa, na waliochelewa walikuwa wanauliza mstari wake uko wapi. Ndipo rafiki yangu wa nyavu akainua simu yake juu ya kichwa, picha ya yule mama na ngege imejaa kioo. Mwingine akainua yake. Wakafuata wanaoparua samaki, kisha vibarua wawili wa mwenye mashua, wakitazama chini lakini mikono iko juu. Simu zilipanda katika mstari mzima, mpaka nyuma ya banda, mpaka mashua ya mwisho.

Katibu alihesabu akitembea. Alipofika mwisho hakuwa na haja ya kuhesabu mstari wa pili. Akarudi mbele, akamshika Mama mkono. "Haya, mwenyekiti. Sema kitu."

"Nitasema nini, na nyinyi mmesoma?" Akageukia banda, akatunyooshea kidole mimi na wanaume watatu wenye nguvu. "Ingieni. Leteni hiyo mizani."

Ilikuwa nzito na imeshika kutu miguuni. Tuliitoa kwa shida mlangoni, tukaitua juani, na wanawake wakaizunguka.