Debe Lililowakimbiza Wachumaji Chai

Walisema mtoto wa kijiji cha Sironga hawezi kula kwa kugonga vitu. Leo nina diploma ya muziki, nimekodiwa na bendi za roki huko ng'ambo kuzipigia drams studioni, na nimerudi nikajenga. Juzi lori la majani chai lilipita mjini Keroka likigongagonga, nikacheka peke yangu.

Alasiri moja utotoni nilikuwa nyuma ya jiko letu, moshi ukinuka, nikipiga debe tupu la mahindi nililokatazwa kuligusa. Mara wanawake wakamiminika kutoka mashambani wakihema, vikapu vya chai mgongoni. Nilidhani wamekuja kunisikiliza, nikaongeza kasi.

"Lori liko wapi?" akauliza jirani yetu, Mama Moraa.

"Lori gani?"

Kumbe walisikia debe langu wakadhani ni lori la kukusanya chai, na aliyekosa lori, majani yake yaliharibika. Ndiyo maana walikimbia hivyo. Mama akaninyang'anya debe, akainua mguu aliponde.

"Usiliponde, Mama Onchari," akasema Mama Moraa, akicheka hadi majani yakamwagika. "Huyu amepiga mpaka mlio wa gia za lori. Mrudishie, lakini apige tukishamaliza kuchuma."

Mama akanirudishia. Nimerekodi na bendi nyingi tangu hapo, lakini hakuna msikilizaji mwingine aliyenikimbilia na kikapu kizima mgongoni.